Ghorofa kwenye mteremko wa Buziga: anzeni na maji, sura itafuata

Swali: Sisi ni ndugu wanne. Baba alituachia desimali 60 za ardhi (sehemu 60 kati ya 100 za ekari) Buziga, Kampala, upande wa mashariki wa kilima. Barabara iko juu, ziwa linaonekana chini. Tunataka kujenga fleti 20, nyingine tuishi wenyewe, nyingine tupangishe. Kijana aliyetuchorea plani amesawazisha kiwanja chote na kuweka jengo moja la ghorofa tano, lenye kioo upande wa mbele kuanzia chini hadi juu. Ndugu zangu wameipenda, na mpwa wangu anatuletea picha za minara ya Ulaya yenye miti kwenye roshani. Mimi nilikulia pale. Kuna mti wa mutuba uliopandwa na babu, kuna mifenesi miwili, na najua mvua ikinyesha maji hupita wapi. Je, jengo la kisasa linaweza kukubaliana na mahali kama pale, au nimegeuka mzee wa kuzuia maendeleo? — Mwalimu mstaafu, Makindye

Mwalimu, huzuii maendeleo. Nimeitazama plani uliyoiambatisha. Imechorwa kwa usafi, vipimo vya vyumba vinatosha, na kijana huyo anaijua kompyuta yake. Ila haina hata mstari mmoja wa kontua, ile mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja. Mchoro huo ungefaa kiwanja chochote tambarare popote duniani, na chenu kwa vipimo ulivyonipa kina upana wa mita 40, urefu wa mita 60, na kinashuka mita 9 kutoka barabarani hadi mpaka wa chini. Huo ni mteremko wa 15 kwa 100. Hapo ndipo kazi inapoanzia.

Watu wakisema jengo liendane na mazingira, wengi wao hufikiria sura: rangi ya udongo, mbao kidogo mlangoni, mimea inayoning'inia. Sina ugomvi na mimea. Lakini jengo linaweza kuvikwa majani yote ya Buganda na bado likawa limekiua kilima, kwa sababu madhara makubwa hutokea miguuni pake, pale tingatinga linapokata na maji yanapokosa njia. Kwa hiyo mimi huutaka kwanza mchoro wa mkato, ule unaoonyesha jengo kama limepasuliwa kwa kisu kuanzia barabarani hadi chini. Mkato ukikaa sawa, sura hupatikana. Mkato ukiwa mbovu, hakuna rangi itakayousaidia.

Tupige hesabu ya udongo. Plani yenu inataka uwanja tambarare wa mita 30 kwa 30. Kwa mteremko huo, mkitaka usawa wote ulingane na upande wa chini, upande wa juu mtakata kina cha mita 4.5, na mtatoa karibu mita za ujazo 2,000 za udongo. Udongo ukichimbwa huvimba, kwa hiyo ni safari zaidi ya 150 za lori kubwa la tipa, na kila lori litapanda na kushuka barabara ile nyembamba mbele ya majirani. Baada ya hapo mtabaki na ukuta wa kuzuia udongo wenye urefu wa mita 4.5. Msukumo wa udongo kwenye ukuta hauongezeki sawasawa na urefu. Huongezeka kwa mraba wake, na nguvu ya kuupindua huongezeka kuliko hapo. Ukuta wa mita 4.5 unabeba msukumo mara tisa ya ule wa mita 1.5, hata kabla hatujauweka udongo ulioloa. Ukipita Muyenga au Buziga kwenyewe utaziona kuta za namna hiyo, baadhi zimetoa tumbo, nyingine hazina hata tundu moja la kutolea maji. Fedha ya kuta hizo wenyewe hawaisemi sana.

Sasa gawanyeni jengo liwe mawili, kila moja na kina cha mita 10 tu, yakifuata kontua, moja karibu na barabara na jingine chini yake, kati yao bustani. Kila moja linahitaji kukata mita 1.5 upande wa juu. Jumla ya udongo inashuka hadi kama mita za ujazo 450, na sehemu kubwa yake inaweza kubaki kiwanjani kujazia upande wa chini wa kila ngazi, mradi ishindiliwe vizuri na nguzo zisisimame juu ya udongo wa kujazia.

Mpangilio huu unawapa kitu ambacho plani ya kwanza haina: njia ya kuingilia katikati ya jengo. Jengo la juu liwe na ghorofa nne, na mtu aingie kutoka barabarani kwa daraja fupi moja kwa moja kwenye ghorofa ya pili kutoka chini. Anayekaa chini anashuka ngazi moja, anayekaa juu kabisa anapanda mbili. Jengo la chini liwe na ghorofa tatu, nalo liingiwe katikati, kwa njia ya mteremko mdogo inayopita bustanini, mita 1 ya kushuka kwa kila mita 12 za kwenda, ili hata kiti cha magurudumu kipite. Mnaepuka lifti, gharama ya kuinunua na gharama ya kuitunza, na siku umeme ukikatika mama mzee hafungiwi nyumbani. Nimejaribu kupanga: fleti tatu kwa kila ghorofa juu, mbili kwa kila ghorofa chini, jumla 18. Mnapoteza mbili. Nakwambia pia kwamba fleti za ghorofa mbili za chini za jengo la juu hazitaliona ziwa vizuri, zitatazama bustani na mapaa. Zipewe ua mdogo wa kwao na kodi iwe tofauti kidogo. Wapo wapangaji wenye watoto wadogo wanaotafuta hivyo hasa.

Magari yabaki juu, kando ya barabara. Kuyashusha chini kwa barabara ya zege kungewalia robo ya kiwanja. Na yasikae chini ya mifenesi, labda mkiwa na ndugu fundi wa kunyoosha bodi.

Tuje kwenye maji, ambayo wewe umeyataja na plani haijayataja. Vilima vingi vya Kampala vimeumbwa kwa namna moja: kileleni kuna tabaka gumu la murram, ubavuni udongo mwekundu mzito, bondeni kinamasi cha mafunjo juu ya udongo laini. Mvua inayoangukia kileleni huzama kidogo kidogo, husafiri chini ya ardhi, na hutokea kwenye chemchemi miguuni pa kilima, ambako familia nyingi bado huteka maji kwa jerikani. Tukizidi kuziba ngozi ya kilima kwa zege, mabati na pevingi, maji huacha kuzama na kuanza kukimbia. Maji hufuata mkondo, na mkondo wa Buziga unapita kwenye nyumba za watu kabla haujafika ziwani.

Kiwanja chenu kina mita za mraba 2,400. Mvua ya milimita 50 kwa saa si ya ajabu kwetu. Kikizibwa chote, saa hiyo moja inatoa lita 120,000. Hakuna mtaro wa jirani unaoweza kupokea hayo bila kuvunjika. Kwa majengo mawili niliyoyaeleza, mapaa yatakuwa na kama mita za mraba 500, yaani lita 25,000 kwa mvua hiyo hiyo. Jengeni tangi la chini ya ardhi la lita 30,000 kwenye bustani ya katikati, liwe la kwanza kupokea. Kampala hupata kama milimita 1,200 za mvua kwa mwaka au zaidi, kwa hiyo hata mkitoa yale yanayopotea, mapaa hayo yatawapa karibu lita 480,000 kila mwaka za kufulia, kuvuta vyoo na kumwagilia. Bili ya maji itaisikia tofauti. Yatakayofurika kutoka kwenye tangi yaingie mfereji wenye mawe na majani unaotambaa kwa kufuata kontua, si ule unaoshuka moja kwa moja, ili yapunguze mbio na kuzama. Maegesho yawekwe vitofali vyenye matundu ya kuotea nyasi badala ya pevingi iliyozibwa kwa saruji.

Na wewe mwenyewe una kazi ambayo hakuna mhandisi atakayeifanya vizuri kuliko wewe. Mvua kubwa ikinyesha, vaa buti, nenda na vigingi, uweke alama pale maji yanapoingia kiwanjani, yanapopita na yanapotokea. Mpima ardhi akija avipime vigingi hivyo pamoja na kontua na miti. Njia hiyo ya maji isijengwe kitu juu yake, hata ukuta wa mpaka uwekewe matundu pale.

Maji taka ni habari chungu zaidi. Sehemu kubwa ya Kampala na Wakiso haijafikiwa na bomba la maji taka la shirika la maji, NWSC. Ulizeni kwanza kama bomba linafika kwenu. Kama halifiki, fleti 18 kutegemea septiki moja na shimo la kunyonya, kwenye udongo mzito wa mteremko, ni kumtumia jirani wa chini uchafu kwa njia ya ardhini, na pengine kuutuma kwenye chemchemi. Jengeni septiki yenye vyumba kadhaa vya kupitia, kisha maji yake yapite kwenye kitanda cha kokoto kilichopandwa mafunjo au mianzi ya maji kabla ya kuachwa yazame, mbali na ukuta wa kuzuia udongo na mbali na mutuba. Mafunjo yanaijua kazi hiyo; vinamasi vya Nakivubo na Lubigi vimekuwa vikichuja maji ya jiji hili miaka yote. Na gari la kunyonya maji taka lazima liweze kufika. Nimeiona mifumo mizuri iliyokufa kwa sababu tu bomba la gari halifiki.

Sasa jua. Kampala iko karibu kilomita 35 tu kaskazini mwa ikweta, ule mstari ambao wasafiri wa Masaka huuvuka Kayabwe. Kwa sababu hiyo, jua la mchana wa Juni linainamia kaskazini kidogo, la Desemba linainamia kusini kidogo, na kuta zinazotazama pande hizo ni rahisi kuzilinda: dirisha la mita 1.5 linahitaji ukingo wa sentimita 65 tu kulizuia jua la utosini katika miezi yote. Adui ni mashariki na magharibi, ambako jua huja chini chini na kuingia hadi kitandani. Kitabuni jengo letu lingenyooka mashariki hadi magharibi, madirisha yatazame kaskazini na kusini. Lakini kilima chenu kinashuka kuelekea mashariki, na ziwa liko huko huko. Mkilazimisha kanuni ya jua, mtalikata jengo dhidi ya kontua na mtarudi kwenye malori 150. Mimi hapa nauchagua mteremko kwanza, kisha nalitibu jua.

Tiba yake si ngumu, kwa sababu mashariki ni afadhali kuliko magharibi. Asubuhi kwetu kuna ubaridi. Usiku hushuka hadi nyuzi 17 au 18, na jua la mapema halimuudhi mtu. Saa zetu ziko mbele kidogo ya jua, hivyo utosini linafika kama saa saba kasoro dakika kumi, na ikikaribia saa nne asubuhi liko nusu ya kupanda. Wekeni roshani yenye kina cha mita 1.8 mbele ya kila sebule na chumba cha kulala. Muda huo jua litagusa ukingo wa sakafu tu, na kabla ya saa tano limetoka kabisa ndani. Magharibi nako kilima chenyewe kinawasaidia, kwa kuwa kimesimama nyuma yenu na hulificha jua la jioni mapema, hasa kwa ghorofa za chini. Plani ya kijana imeweka vyumba vya kulala upande huo wa magharibi. Viondolewe. Upande wa magharibi uwe wa ngazi, korido ya wazi, jiko, bafu na stoo, na korido ikingwe kwa matofali yenye matundu, yanayopitisha hewa na kukata mwanga.

Korido hiyo ya wazi, ya upande mmoja, ndiyo siri ya upepo. Mchana ziwa hutuma upepo kwenda nchi kavu, usiku hurudi. Fleti yenye madirisha pande mbili itapitiwa na upepo huo bila kulipa shilingi. Plani ya kwanza ina korido katikati na fleti kushoto na kulia, kila moja ikipumulia tundu moja, ndiyo maana kuta zake zimechorwa vile visanduku vya kiyoyozi. Mchana wa Kampala ni nyuzi 27 au 28. Jengo la makazi linalohitaji kiyoyozi hapa limekosewa. Rudisheni yale matundu ya hewa ya juu ya madirisha ambayo nyumba za wazazi wetu zilikuwa nayo, yenye wavu wa mbu, yanayobaki wazi usiku madirisha yakifungwa. Siku hizi vijana huyaziba kwa kuona ni ya kizamani, kisha hununua feni.

Jiko lina neno lake. Wapangaji wenu watakuwa na gesi, lakini maharage na matooke bado vitapikwa kwenye sigiri ya makaa, na nguo zitafuliwa kila Jumamosi. Plani haina pa kuweka sigiri wala kamba ya nguo. Asipopewa mahali, mpangaji atajitafutia, na hapo ndipo moshi unapoingia koridoni na mashuka yanapoanikwa mbele ya kile kioo cha fahari. Kila fleti ipewe kiroshani cha nyuma cha mita mbili kwa moja na nusu, chenye bomba la kupandisha moshi hadi juu ya paa na kizuizi cha matofali ya matundu mbele ya kamba. Nyuma, pasipoonekana.

Kuhusu kioo chenyewe, ndugu zako wasidhani nawanyima. Milango mipana ya kioo ya kusukuma, nyuma ya roshani zenye kivuli, itawapa ziwa lote. Ninachokikataa ni kioo kilicho uso wa jengo, kinachopigwa na jua la asubuhi bila kinga, kinachopasha joto nyumba nzima na kumlazimisha mtu kuweka pazia zito, na mwisho haoni ziwa wala nini.

Mapaa. Naona plani imefuata mtindo wa paa la kuficha, lile lenye ukuta umelizunguka na mfereji wa ndani. Kwa mvua za Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, sipendi kabisa. Mfereji wa ndani ukizibwa na majani ya mutuba siku moja, maji huingia darini, na fundi wa dari atakuwa mgeni wenu kila masika. Jengeni paa lenye mwinuko unaoonekana, lenye kingo zinazotoka mita moja nje ya kuta, na nafasi ya hewa kati ya mabati au vigae na dari. Gata ziwe nje, ambako ukiona zimejaa unazisafisha. Wekeni pia kinga ya radi. Eneo letu la ziwa hupigwa na radi nyingi mno, na mwaka 2011 radi moja iliua wanafunzi 18 kwenye shule ya Runyanya kule Kiryandongo. Waya wa kushuka ufichwe ndani ya ukuta sehemu ya chini, maana shaba ya wazi haikai, huibwa.

Mpwa wako na picha zake za minara yenye miti: ile maarufu ni ya Milano, ilimalizika 2014, na ni kazi nzuri kwa jiji lililokosa ardhi. Lakini miti yake inategemea pampu, vitalu vya zege vilivyoimarishwa kubeba udongo mzito, na wakata matawi wanaoning'inia kwa kamba. Sisi tunaishi mahali ambapo kigingi cha uzio kikichomekwa huota. Miti ipandwe chini, ardhini, kati ya majengo, na baada ya miaka michache itafika roshani za ghorofa ya tatu yenyewe, bure. Musambya na mvule kwa muda mrefu, mipapai na ndizi kwa haraka. Mikaratusi msiilete, hunywa maji kupita kiasi.

Mutuba wa babu ubaki. Ni mti wa nguo za gome, unavumilia mengi, ila mizizi yake ina nguvu na hutafuta mabomba. Piga duara kwa kufuata mwisho wa matawi yake, ongeza mita mbili, na duara hilo lizungushiwe uzio kabla tingatinga halijaingia. Ndani yake hakuna kuchimba, kumwaga saruji wala kurundika mchanga. Miti mingi ya viwanjani haikatwi, hufa polepole mwaka wa pili baada ya malori kuikanyagia mizizi. Kwa mkato niliouchora, mutuba unaangukia kwenye bustani ya katikati, na mfenesi mmoja pia. Mfenesi wa pili uko pale pale linapokaa jengo la chini. Nimejaribu kulisogeza na haikuwezekana bila kupoteza fleti mbili zaidi. Hilo mtaamua nyinyi wanne.

Taa za nje ziwe chache, za rangi ya njano, zilizoelekezwa chini. Taa nyeupe kali juu ya kilima kinachotazama ziwa huita vijidudu vya ziwa kwa maelfu. Najua Novemba watoto watataka taa kali ya kukamatia senene. Hiyo wajitafutie.

Vifaa sitakaa navyo sana. Mifupa iwe ya zege na nondo, sakafu za matofali ya mfinyanzi yenye uwazi ndani ambazo mafundi wetu wamezizoea, maana ni nyepesi kuliko zege tupu. Kwa kuta za kujazia, fikirieni matofali ya udongo na saruji kidogo yanayoshindiliwa kwa mashine na kukaushwa bila tanuri. Murram mtakayoichimba ikipimwa na kufaa, mtayatengeneza pale pale. Tofali la kuchoma la kando ya barabara limekula kuni na mara nyingi limechimbwa kinamasini, kwa hiyo mkilitaka la kuchoma nunueni la kiwandani, kama yale ya Kajjansi. Ndugu wakidhani udongo ni wa maskini, wapelekeni Entebbe wakaione hospitali ya upasuaji wa watoto iliyofunguliwa 2021. Mchoro wake ni wa Renzo Piano, msanifu mwenye jina kubwa duniani, na kuta zake ni udongo ulioshindiliwa. Au waende karibu zaidi, Makumbusho ya Uganda pale barabara ya Kira, jengo la 1954 la Mjerumani Ernst May: la kisasa kwa enzi yake, na bado linapumua kwa matundu yake ya juu.

Jambo ambalo injinia wa miundo asilikwepe ni tetemeko. Lile la Septemba 2016 lililoipiga Bukoba liliharibu nyumba hadi Rakai upande wetu. Uganda ina viwango vyake vya usanifu wa kuhimili matetemeko, US 319 vya 2003. Mwulize waziwazi kama amevifuata. Na kama kuna mtu anapendekeza ghorofa ya chini iwe nguzo tupu za kuegeshea magari huku juu kuta zimejaa, mkataeni. Ghorofa hiyo laini ndiyo hupinda kwanza.

Kisheria mko Makindye, hivyo kibali ni cha KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, chini ya Sheria ya Kudhibiti Ujenzi ya 2013, na michoro lazima ibebe mihuri ya msanifu na injinia waliosajiliwa. Waulizeni NEMA, mamlaka ya mazingira, mapema kama ukubwa wa mradi unadai tathmini ya mazingira. Katazo la kujenga ndani ya mita 200 kutoka ukingo wa ziwa haliwagusi, mko mbali. Naliandika kwa ajili ya wasomaji wengine wanaouziwa viwanja vya ufukweni Munyonyo na Garuga: mwaka 2020 ziwa lilifika mita 13.32 kwenye kipimo cha Jinja, likalala ndani ya vyumba vya watu. Na kwa kuwa mko ndugu wanne, Sheria ya Kondomini ya 2001 inaruhusu kila fleti kuwa na hati yake. Gawaneni kwa hati mkiwa bado mnapendana.

Gharama: majengo mawili yana kuta za nje nyingi kuliko moja, na mapaa mawili, hilo ndugu zako watalisema na ni kweli. Upande wa pili wekeni ukuta wa mita 4.5 usiojengwa, malori yasiyokodiwa, lifti isiyonunuliwa, viyoyozi na kioo kile cha mbele. Mwiteni mkadiriaji ujenzi apange bei za michoro yote miwili kabla hamjapiga kura.

Anzeni na mpima ardhi, kisha mashimo ya kupimia udongo matatu au manne yenye kina cha mita tatu na zaidi, moja liwe lazima upande wa chini. Msimwondoe yule kijana. Mpeni kontua na ripoti ya udongo, akae chini ya msanifu aliyesajiliwa, atajifunza. Kazi ya kukata udongo ianze Juni na msingi uwe umefunikwa kabla ya mvua za Septemba, na mitaro ya muda pamoja na tangi vitangulie kabla ya shimo lolote la nguzo. Mkichelewa, msiingize tingatinga Oktoba hata mkandarasi akiwapunguzia bei. Subirini katikati ya Desemba.